Gesi ya Jikoni na Elektroni Kumi na Nne

Salamu kwenu mnaongoja gari pale Muthurwa, kwenu mnaopika chakula cha jioni Umoja, Kayole na Dandora, na kwenu mafundi wa Kariobangi ambao bado hamjafunga karakana. Leo mazungumzo yanaanzia jikoni, yatapita kwenye kompyuta, na yatarudi jikoni kabla ya kuagana.

Mwezi wa Julai Nairobi huwa na baridi kali, kila mmoja wenu anajua. Katika nyumba za chumba kimoja, chakula kikishaiva, wako wanaoliacha jiko la makaa ndani ili chumba kipate joto. Dirisha linafungwa, na mlango unawekewa kitambaa chini. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu wanalala wasiamke. Gesi hiyo ni kaboni monoksidi. Ikiingia kwenye mapafu huing'ang'ania himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoing'ang'ania, na mwili unanyimwa hewa huku mtu bado anapumua.

Sasa tazameni udogo wa kitu chenyewe. Molekuli ya kaboni monoksidi ina atomu mbili tu: moja ya kaboni, moja ya oksijeni. Elektroni zake zote ni 14. Ukiwauliza wanafunzi wa sekondari, watakuchorea herufi C, herufi O, na mistari mitatu katikati. Lakini mistari hiyo ni ufupisho tu. Hizo elektroni 14 ziko wapi hasa? Kwa nini molekuli hii huishika damu kwa upande wa kaboni, si kwa upande wa oksijeni?

Maswali hayo ndiyo yanayojibiwa na kemia ya kwanta. Na habari njema ya jioni ya leo ni hii: mwanafunzi wa Donholm au Mathare anaweza kuyajibu mwenyewe, kwa kompyuta ya kawaida, kwa programu zisizolipiwa hata shilingi moja.

Msingi wake si mpya. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alichapisha mlinganyo unaoeleza mwenendo wa elektroni. Miaka mitatu baadaye Paul Dirac akaandika kwamba sheria zinazohitajika kwa kemia yote sasa zinajulikana, na taabu iliyobaki ni kwamba hesabu zenyewe ni ngumu mno kukamilishwa. Kwa hiyo karibu miaka 100 imepita watu wakitafuta njia za kukadiria vizuri kile kisichoweza kuhesabiwa kwa ukamilifu. Mwaka 1970 kundi la John Pople likatoa programu iliyoitwa Gaussian 70, na mwaka 1998 Pople na Walter Kohn wakagawana Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hii. Kohn alikuwa ameonyesha, katika miaka ya 1960, kwamba badala ya kufuatilia kila elektroni peke yake, unaweza kufanya kazi na msongamano wa zote kwa pamoja.

Turudi mtaani ili jambo lieleweke. Umepanda matatu saa kumi na mbili jioni, inakwenda Umoja kwa Jogoo Road, watu wamejaa mpaka mlangoni. Je, unafikiria kila abiria peke yake? La, unachosikia ni msukumo wa jumla tu: huku pamebana, kule pamelegea kidogo. Mbinu ya kwanza ambayo kila anayeanza hukutana nayo, ile ya Hartree na Fock, hufanya hivyo hivyo. Inaihesabia kila elektroni kana kwamba inasukumwa na wastani wa zile nyingine. Kompyuta inakisia elektroni zimekaaje, inapiga hesabu, inapata mkao mpya, inarudia, na inarudia tena, hadi mkao wa mwisho na ule uliotangulia ilingane.

Lakini abiria halisi hukwepana. Huyu akisogeza kiwiko, yule anainamisha kichwa. Elektroni nazo hukwepana vivyo hivyo, na huko kukwepana ndiko mbinu ya wastani isikokuona. Mbinu ghali zaidi zilibuniwa ili kuhesabu huko kukwepana. Likumbukeni jambo hili la kukwepana, maana litarudi baadaye.

Kuna neno la pili ambalo humtisha anayeanza: seti ya msingi. Nendeni Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Fundi hana bati lililozaliwa na umbo la jiko. Ana vipande bapa, naye anavikata, anavikunja na kuvipanga hadi umbo la mviringo lipatikane. Vipande vikiwa vichache na vikubwa, mviringo unakuwa na kona kona. Vikiwa vingi na vidogo unakuwa laini, lakini kazi inachukua muda mrefu. Seti ya msingi ni vile vipande. Kompyuta hutumia maumbo machache ya kihesabu yanayojulikana kuunda wingu la elektroni. Seti inayoitwa STO-3G ina vipande vichache, 6-31G* ina vingi zaidi, na zipo nyingine kubwa kuliko hizo.

Basi anayeanza anahitaji nini?

Tuanze na asiye na kompyuta kabisa. Aende saiba, au akae kwenye kompyuta ya chuo, afungue Google Colab kwa akaunti yake ya Gmail, kisha asakinishe programu ya kemia ya kwanta iitwayo PySCF kwa mstari mmoja. Hesabu inafanyika kwenye kompyuta ya mbali, yeye anatumia kivinjari tu. Akumbuke kuhifadhi kazi yake kabla ya muda wa saiba kwisha, kwa sababu Colab humwondoa mtu akinyamaza kwa muda.

Mwenye laptopu, hata kuukuu, ana chaguo pana zaidi. Psi4 ni ya bure kwa kila mtu na huongozwa kwa lugha ya Python. ORCA, iliyoanzishwa na Frank Neese wa Ujerumani, ni ya bure kwa wanaosoma na wanaofanya utafiti vyuoni. Zipo GAMESS ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, na NWChem. Ya kuchorea molekuli na kuitazama kwa macho ni Avogadro, nayo ni ya bure. Kama ni lazima kumshauri mtu achukue moja ya hesabu na moja ya kuchorea, ushauri wa mazungumzo haya ni ORCA pamoja na Avogadro, kwa sababu faili la kuiamuru ORCA ni fupi na linasomeka. Faili la kupakua lenyewe ni kubwa, basi usilipakue kwa bando la siku moja. Tafuta mahali penye wifi.

Na molekuli ya kwanza iwe ipi? Iwe maji. Nasisitiza: maji. Wengi huanza na dawa kubwa yenye mikia na pete, kompyuta inanguruma usiku kucha, asubuhi hakuna jibu, na hamu inakufa pale pale. Maji yana atomu tatu na elektroni 10, na jibu lake la kweli linajulikana. Maabara zimepima kwamba pembe kati ya mikono yake miwili ya hidrojeni ni nyuzi 104.5, na kila mkono una urefu wa angstromu 0.958. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni 10 ya milimita.

Faili la ORCA linakuwa hivi. Mstari wa kwanza una alama ya mshangao, halafu HF, halafu STO-3G, halafu Opt. Maana yake: tumia mbinu ya Hartree na Fock, tumia vipande vichache, kisha isogeze molekuli hadi itulie katika umbo lake la nishati ndogo kabisa. Chini yake unaandika nyota, xyz, halafu 0 na 1. Sifuri ni chaji: maji hayana chaji. Moja inasema elektroni zote zimekaa mbili mbili. Kisha unapanga atomu tatu na mahali pa kila moja, unafunga faili kwa nyota, unaliendesha. Baada ya sekunde chache kazi imekwisha.

Jibu la kwanza? Pembe ya nyuzi 100 hivi. Si sahihi, imekosea kwa zaidi ya nyuzi nne! Sasa badilisha neno moja tu, weka 6-31G* mahali pa STO-3G, uendeshe tena. Pembe inakuja karibu nyuzi 105.5. Imesogea jirani na ukweli, ingawa haijaugusa. Kwa dakika kumi, mwanafunzi ameona kwa macho yake kwamba jibu la kompyuta hutegemea alichokiomba, na kwamba kipimo cha maabara ndicho hakimu. Hakuna somo la siku ya kwanza lililo bora kuliko hilo.

Atakutana pia na namba ya nishati, kubwa na hasi. Kwa STO-3G maji hutoa kama hasi 74.97 kwa kipimo kiitwacho hatri. Kwa 6-31G* hutoa kama hasi 76.01. Je, maji yamebadilika? La hasha, kilichobadilika ni vipande vya fundi. Ndiyo maana usilinganishe kamwe nishati ya molekuli moja iliyopigwa kwa seti hii na nishati ya nyingine iliyopigwa kwa seti ile. Hatri moja ni sawa na kilokalori 627 na nusu kwa moli, na wanakemia hubishania kilokalori moja! Kosa hili hupatikana hata kwenye tasnifu. Mbinu moja, seti moja, kwa vitu vyote unavyolinganisha.

Mkiwa bado nasi, tuje kwenye oksijeni, hewa tunayovuta sasa hivi. Atomu mbili, rahisi, sivyo? Mwanafunzi anaandika 0 na 1 kama alivyofanya kwa maji. Programu inakubali bila kulalamika, inatoa jibu, na jibu ni la oksijeni ambayo siyo ile tunayoivuta. Katika oksijeni ya kawaida elektroni mbili hukaa kila moja peke yake, kwa hiyo namba ya pili, ambayo ni idadi ya zilizo peke yake ukiongeza moja, ni 3. Ushahidi upo: oksijeni ikipozwa hadi iwe kimiminika, kisha ikamwagwa kati ya ncha za sumaku kali, inanasa pale pale. Kompyuta haikujua hilo. Mwanakemia ndiye aliyepaswa kuiambia.

Sasa turudi kwenye kaboni monoksidi, ile gesi ya jiko.

Mwanafunzi wetu anaandika atomu mbili, anatumia 6-31G*, anapata umbali wa angstromu 1.11 hivi. Maabara inasema 1.128. Ni karibu. Anaanza kufurahi. Kisha anatazama jambo jingine, mwelekeo wa chaji: upande upi wa molekuli una hasi kidogo? Kila aliyesoma kemia angeapa ni oksijeni, kwa sababu oksijeni huvuta elektroni kuliko kaboni. Na mbinu ya Hartree na Fock inakubaliana naye. Mwanafunzi anatabasamu.

Lakini vipimo vinasema kinyume. Ncha hasi ni kaboni. Tofauti yenyewe ni ndogo, 0.11 kwa kipimo kiitwacho debai, wakati maji yana 1.85, lakini mwelekeo ni huo. Mbinu inayotumiwa na maelfu ya watu imegeuza molekuli kichwa chini! Kwa nini? Kumbukeni abiria wanaokwepana. Katika molekuli hii yale makwepano yasiyohesabiwa yanatosha kugeuza jibu. Ukitumia mbinu inayoyahesabu kwa uangalifu, kama ile iitwayo CCSD(T), mwelekeo unarudi mahali pake.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Ile seti duni, STO-3G, kwa mbinu ile ile ya wastani, hutoa mwelekeo sahihi! Makosa mawili yamekutana na kufutana. Mtu asiyejua angesema, "Afadhali seti ndogo, ndiyo inayopatia." Ukiongeza vipande, bahati inatoweka na kosa la mbinu linabaki wazi. Mwalimu yeyote wa fani hii angefanya vyema kuwapa wanafunzi molekuli hii katika wiki ya pili, waone wenyewe jinsi jibu sahihi linavyoweza kuja kwa sababu isiyo sahihi.

Kisha mwanafunzi afungue Avogadro atazame wingu la elektroni za juu kabisa, zile zilizo tayari kushirikiana na kitu kingine. Wingu hilo limevimba upande wa kaboni. Hapo ndipo swali la mwanzo linapoanza kujibika: molekuli hii hukishika kiini cha chuma ndani ya himoglobini kwa upande wa kaboni kwa sababu elektroni zake za kutoa ziko upande huo. Himoglobini yenyewe asiikimbilie. Chuma kina elektroni zenye tabia ngumu, na protini ile ina maelfu ya atomu. Hata hivyo, kwa atomu mbili peke yake, ameshaona mlango ambao sumu huingilia.

Pengine msikilizaji anauliza, kwa nini basi usitumie mbinu bora siku zote? Kwa sababu ya gharama. Katika mbinu ya CCSD(T), ukubwa wa molekuli ukiongezeka mara mbili, kazi huongezeka kama mara 128. Hesabu ya saa moja inakuwa ya siku tano na zaidi. Kafeini iliyo ndani ya kikombe chako cha chai ina atomu 24 na elektroni 102, na kwa mbinu hiyo laptopu ya kawaida itaelemewa. Hapo ndipo njia ya Kohn, ile ya msongamano, inapookoa: inatoa majibu mazuri kwa gharama iliyo karibu na ya Hartree na Fock, ndiyo sababu imeenea kuliko zote. Baada ya maji na kaboni monoksidi, kafeini kwa njia ya msongamano ni hatua ya tatu nzuri. Na aliyetamani kitu cha Kenya hasa, baadaye ajaribu sumu ya wadudu iliyo ndani ya maua ya pareto, ambayo wakulima wa Bonde la Ufa wameyalima kwa miongo mingi. Moja ya sumu hizo, piretrini ya kwanza, ina atomu 52.

Neno kuhusu stima. Hapa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, stima hupotea bila kubisha hodi. ORCA huhifadhi mawingu ya elektroni katika faili lenye jina linaloishia na gbw; faili hilo likiwepo, ukianzisha tena hesabu yenye jina lile lile inaanza na mawingu hayo, haianzi na makisio mapya. Usilifute. Na kabla ya kuianza kazi ndefu, ipange molekuli kwanza kwa programu nyepesi kama xtb, kutoka Bonn, ili ile nzito isipoteze saa nyingi ikirekebisha mchoro mbaya.

Je, mtu wa Eastlands atakuwa peke yake katika safari hii? Hapana. Mwaka 2012 shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, ilifanyika Eldoret, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Chepkoilel, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Ilikuwa imeanza Afrika Kusini mwaka 2010, ikiungwa mkono na kituo cha fizikia cha ICTP cha Trieste, Italia. Miongoni mwa wenyeji wake Eldoret walikuwa Nicholas Makau na George Amolo, na Amolo baadaye akafanya kazi hii katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Chuo hicho, wasikilizaji, kiko Haile Selassie Avenue. Kutoka Muthurwa unakifikia kwa miguu. KENET, mtandao unaounganisha vyuo vya nchi hii, umewasaidia watafiti wa fani hii kupata kompyuta zenye nguvu. Wengine hutuma hesabu zao hadi Cape Town, kwenye kompyuta kubwa iitwayo Lengau, neno la Kitswana lenye maana ya duma.

Upande wa pili wa mpaka, Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Alexander Pogrebnoi na Tatiana Pogrebnaya pamoja na wanafunzi wao wamechapisha kazi juu ya molekuli ndogo za chumvi za metali zikiwa mvuke. Walitumia programu za bure, GAMESS na ndugu yake Firefly. Molekuli ndogo, programu za bure, kazi iliyochapishwa. Kwa anayetaka mfano wa karibu, ndio huo.

Mahali pa kusomea napo pasiwe kisingizio. Maktaba za Kaloleni na Makadara ziko mitaani mwetu, na shirika la Book Bunk limezikarabati. Nyumba ikiwa na kelele, nenda pale na daftari. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwenye karatasi kabla ya kompyuta kuwashwa: elektroni ni ngapi, chaji ni ngapi, zimekaa mbili mbili au la, na jibu lililopimwa ni lipi.

Basi, wasikilizaji, walimu wa kemia wa sekondari zetu, nyinyi hasa ombi ni lenu. Chagueni Jumamosi moja muhula huu, kompyuta moja na projekta, maji asubuhi na kaboni monoksidi mchana. Wanafunzi wakadirie jibu kwanza, waandike, kisha mashine iendeshwe mbele yao. Mwenye swali atuandikie, nasi tutalisoma hewani wiki ijayo.

Na usiku wa leo, baridi iwe kali namna gani, jiko la makaa litoeni nje kabla ya kulala, na dirisha liacheni wazi kidogo. Kwaherini, hadi wiki ijayo.